Hen Domen: Ngome Iliyobaki Udongoni

Karibu na mji wa Montgomery, nchini Wales, pana kilima cha udongo kilichoota miti, kikizungukwa na matuta na mahandaki. Kwa Kiwelisi huitwa Hen Domen, yaani kilima cha kale. Roger de Montgomery, bwana wa Kinormani, alijenga ngome hapo katika miaka ya 1070 ili kulinda kivuko cha mto Severn. Juu ya kilima palisimama mnara wa mbao. Chini yake ulikuwapo ua wenye boma la magogo.

Mbao hizo zimeoza zamani. Kuanzia 1960, Philip Barker na wenzake waliufukua ua kwa takriban miaka 30, wakifuata madoa yaliyoachwa na nguzo ardhini. Yakadhihirika majengo yaliyosongamana, yaliyojengwa upya mara kwa mara. Ngome ya mawe ya Henry III, iliyoanzwa jirani mwaka 1223, ndiyo ivutayo wageni. Lakini kufikia hapo ile ya mbao ilikuwa na umri wa karne moja na nusu.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulizingatia hilo. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za nguzo za misikiti ya miti, ya awali ikiwa ya karne ya 8. Anayeanza kuhesabu umri wa mji kwenye jiwe la kwanza huwa amewaacha nje waliouanzisha.