Shirika la umeme la Ufaransa: kutoka nje ya mipaka na kurejea kwa serikali

Baadhi ya wasikilizaji wetu walioko London hupokea bili ya umeme yenye jina la EDF. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kampuni hiyo ni mali ya serikali ya Ufaransa, na kwamba ilipitia misukosuko mingi kabla ya kufika hapo.

Kwa sheria ya tarehe 8 Aprili mwaka 1946, Ufaransa ilitaifisha zaidi ya makampuni elfu moja ya umeme na kuunda shirika moja la umma. Sheria hiyo ilisimamiwa na waziri Marcel Paul, Mkomunisti aliyenusurika katika kambi ya mateso ya Buchenwald.

Katika miaka ya 1990, serikali nyingi zilipoanza kubinafsisha umeme, EDF ilijitokeza kuwa mnunuzi: Buenos Aires mwaka 1992, Rio de Janeiro mwaka 1996 na London mwaka 1998.

Hapo ndipo malalamiko yalipoanza. EDF ilinunua vya wenzake, ilhali yenyewe haikuweza kununuliwa. Mkuki kwa nguruwe! Mwaka 2001, ilipojikusanyia hisa za kampuni ya Montedison, serikali ya Italia iliiwekea kikomo cha asilimia 2 tu ya kura.

Shinikizo hilo, pamoja na sheria za Umoja wa Ulaya za kufungua soko, liliilazimu EDF kujipanga upya. Usimamizi wa gridi ya taifa ulitengwa mwaka 2000. Mwaka 2004, licha ya migomo ya wafanyakazi, shirika liligeuzwa kampuni ya hisa, na Novemba 2005 wananchi waliuziwa kila hisa kwa euro 32.

Ugenini nako kulikuwa na hasara. Mwaka 2002 Argentina ilishusha thamani ya peso na kuzuia bei ya umeme kupanda. EDF iliuza sehemu kubwa ya hisa zake za Buenos Aires mwaka 2005, na za Rio mwaka 2006. Uingereza ilibaki, ikanunua vinu vya nyuklia mwaka 2009, lakini mwaka 2010 ikauza nyaya za kusambazia umeme.

Juni 2023, baada ya msukosuko wa nishati barani Ulaya, serikali ya Ufaransa ilikamilisha kuimiliki tena EDF kwa asilimia 100. Ililipa euro 12 kwa hisa. Muundo uliobuniwa ili shirika likubalike ugenini haukudumu hata miaka 18, na mwananchi aliyenunua hisa zake mwaka 2005 akazihifadhi aliuza kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile aliyonunulia.