Senti ya Mtoto Mikononi mwa Mwalimu

Akiba ya watoto haikuzaliwa darasani. Ilizaliwa katika ufukara wa Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1798, huko Tottenham, nje ya London, Priscilla Wakefield alianzisha chama cha akiba cha wanawake na watoto. Maskini aliyeugua au kukosa kazi siku zile aliangukia msaada wa parokia, na Wakefield aliamini kuwa peni chache zilizowekwa mapema zingemwepusha na fedheha hiyo.

Zilipita takriban miaka sabini kabla ya wazo hilo kukita mizizi shuleni. Ubelgiji iliunda benki ya akiba ya dola mwaka 1865. Mwaka uliofuata François Laurent, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Gent, alizunguka katika shule za mji huo wa viwanda vya nguo akihimiza akiba. Mtoto alileta senti zake, mwalimu akaziandika daftarini, na zilipotimia faranga moja mtoto akafunguliwa kijitabu chake benki. Hapa ndipo ninapouona ustadi wa Laurent: mtoto wa kibarua, ambaye wazazi wake pengine hawakuwahi kukanyaga benki, alimkabidhi fedha mtu aliyemfahamu na kumheshimu. Mtaji wa mpango mzima ulikuwa uaminifu wa mwalimu.

Mfano wa Gent ulienea upesi. Mwaka 1880 Posta ya Uingereza iliruhusu stempu za peni moja zibandikwe kwenye fomu mpaka zitimie 12, yaani shilingi moja, kiwango cha chini kilichopokewa na benki yake ya akiba. Mwaka 1885 John Henry Thiry, mhamiaji kutoka Ubelgiji, aliupeleka utaratibu wa kwao katika shule za Long Island City, New York.

Kisha vikaja vita. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, hazina yake iliuza stempu za senti 25, na shule zikawa miongoni mwa masoko yake makubwa. Akiba iliyokuwa kinga ya mnyonge ikawa mkopo kwa serikali. Amani iliporejea, wakuu wa benki za akiba walikutana Milano mwaka 1924 na kuitenga tarehe 31 Oktoba kuwa Siku ya Akiba Duniani.

Tanzania ilishika njia nyingine. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya mapato yake. Fedha ilifundishwa kupitia jasho la pamoja kabla ya kijitabu cha mtu mmoja mmoja. Fikra hiyo ilistahili kuendelezwa zaidi ya ilivyoendelezwa.

Kwingineko benki zilizidi kujikita shuleni. Nchini Australia, Commonwealth Bank ilipokea amana za wanafunzi tangu mwaka 1931, na vizazi kadhaa vikakua na vijitabu vyake. Desemba 2020 mamlaka ya usimamizi wa masoko ya fedha ilitoa ripoti: benki hazikuweza kuthibitisha kwamba mipango hiyo iliboresha tabia ya kuweka akiba, watoto walikuwa wakilengwa na matangazo ya biashara, na shule zililipwa kwa kushiriki. Ule uaminifu ambao Laurent aliujengea mpango wake ulikuwa umetiwa bei. Jimbo la Victoria lilikuwa tayari limetangaza kupiga marufuku benki hizo shuleni, na somo la fedha likaachiwa walimu.