Mashimo ya Machimbo na Akiba ya Maji

Wanachama wetu walio wengi ni wakulima wa pamba, tena ni wafugaji. Kwa hiyo katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu twaona si vibaya kuzungumza juu ya maji. Vijiji vingi vinauliza neno moja: je, mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yaweza kutengwa kuwa akiba ya maji?

Nchi ya Shinyanga ni kavu. Mto Manonga hufurika masika, na kiangazi hubaki mchanga mtupu. Mwaka 1947 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, na malambo mengi yakachimbwa. Watu waliyapenda maji. Amri za kupunguza mifugo zilizoandamana na Mpango huo hawakuzipenda hata kidogo, na sisi hatuwalaumu, maana hawakushauriwa.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikichimbwa kwa sababu nyingine. Dkt. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009, ukafikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Baada ya hapo Serikali iliamua eneo lake liwe Eneo Maalumu la Kiuchumi, mahali pa viwanda. Hivyo twaona kwamba ardhi ya mgodi yaweza kubadilishiwa matumizi. Lakini shimo lenyewe halijengwi kiwanda.

Shimo lililochimbwa kupita kina cha maji ya ardhini hujaa lenyewe pampu zikizimwa. Hapa ndipo wengi hufurahi mapema mno. Miamba ya dhahabu mara nyingi ina madini ya salfaidi. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali. Penye maduara ya wachimbaji wadogo huongezeka zebaki. Maji yaweza kung'aa kama kioo, na ng'ombe akadhurika. Kisha kuta ni wima: mnyama au mtoto akiteleza hana pa kupandia. Tena asichanganye mtu shimo na bwawa la mabaki ya mgodi. Ukuta wa bwawa la namna hiyo ulibomoka Mwadui mwezi Novemba 2022, na matope yakafunika mashamba na makazi ya watu.

Wako wanaosema kwamba maji ya Ziwa Victoria, yanayosukumwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, yamemaliza shida. Kwa mjini wana haki kusema hivyo. Lakini bomba halipiti kila kijiji, na maji ya bomba hulipiwa. Mwenye ng'ombe mia hawezi kuwanywesha kwa ndoo.

Maoni yetu ni kwamba tuanze na mashimo madogo: ya kokoto, na ya moramu iliyochotwa kujenga barabara. Hayo si marefu, na kuta zake zaweza kulazwa kwa jembe na trekta. Maji yapimwe kwanza. Hereni za miti na uzio zizunguke shimo, na ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya uzio, kwani wakiingia majini lambo hujaa tope upesi. Wasukuma tunajua kutenga ardhi. Ngitili zetu ni ushahidi.

Sheria nayo inayo njia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, Halmashauri ya Kijiji huandaa mpango na Mkutano Mkuu wa Kijiji huupitisha. Kibali cha kutumia maji huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Sheria ya mwaka 2009. Mwenye leseni ya kuchimba aulizwe mapema, kabla hajaondoa mitambo yake, kwa kuwa trekta lililopo machimboni hulaza ukuta kwa siku chache, na likishaondoka kijiji kitalikodi kwa fedha yake.