Kebo Ilifika Mombasa, Kona ya Musa Ikasubiri

Haya wandugu, leo tuweke programu kando tuzungumze historia. Kuna swali naulizwa sana na vijana wa huku Kona ya Musa wanaojifunza kompyuta: kama kebo za intaneti zinatoka baharini, na bahari tunaiendea kwa miguu, mbona Nairobi ilipata intaneti ya kasi majumbani kabla yetu? Swali zuri hilo. Vuta kiti.

Kwanza, kebo ya baharini si ngeni pwani hii. Mwaka 1879 Waingereza walilaza kebo ya telegrafu kutoka Aden hadi Unguja, ikaendelea Msumbiji mpaka Durban. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja. Lakini intaneti ilipoingia Kenya miaka ya 1990, ilikuja kwa setilaiti. Hata kebo ya SAT-3 ilipoanza kazi upande wa magharibi wa Afrika mwaka 2002, sisi wa mashariki tuliendelea kutazama juu.

Ubaya wa setilaiti za wakati ule ni hesabu tupu. Zilikaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako lipande na lishuke, jibu nalo lipande na lishuke, jumla kilomita 144,000. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo karibu nusu sekunde imekwisha kabla seva haijafanya lolote. Tena nafasi ilikuwa finyu na ghali. Ndiyo maana kaka zetu walilipa kwa dakika kwenye saibakafe, huku macho yakiwa kwenye saa.

Mpango wa kebo ya EASSy ulianza kuzungumzwa mwaka 2003, lakini nchi nyingi zilihusika na mivutano haikuisha. Kenya ikachoka kungoja, ikashirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kutengeneza TEAMS, kebo ya karibu kilomita 5,000 kutoka Fujairah. Ilifika Mombasa Juni 2009. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo, na EASSy yenyewe ikaja 2010. Fanya hesabu tena: ndani ya kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo Fujairah kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hivi. Tulitoka nusu sekunde tukafika hapo!

Sasa jibu la swali. Kebo ya baharini ni kama bomba kuu la maji: kupita karibu na kwako hakujazi mtungi wako. Kutoka Mombasa, njia kubwa za faiba zilielekea Nairobi, kwenye mabenki, maofisi na wateja wengi. Mradi wa serikali wa NOFBI ulilenga makao makuu ya wilaya, na makao yetu ni mji wa Kwale kule juu vilimani. Huku kwenye hoteli na maduka, wengi wetu tuliishia kwenye modemu za USB na bando za simu.

Halafu kuna kipande cha mwisho, kutoka barabarani hadi mlangoni. Faiba ya majumbani hugawanywa: uzi mmoja huhudumia nyumba 32 au hata 64. Penye ghorofa, nyumba 32 ni jengo moja. Kwetu nyumba 32 zimetawanyika kati ya minazi na miembe, na kila nguzo ni gharama. Kampuni haiangalii umbali wako na bahari, inahesabu wateja kwa kila nguzo.

Kwetu waya ulifika nikiwa nimeshamaliza chuo. Jirani yetu, nguzo tatu mbele, aliambiwa na kampuni hiyo hiyo asubiri, na mwanawe anayeandika programu akahamia Nairobi. Hilo ndilo linaloniuma. Penye miti hapana wajenzi, wazee walisema, lakini hapa wajenzi wapo, tunawasafirisha.

Tangu 2023 Starlink inauza huduma Kenya, na setilaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu, kwa hivyo ile nusu sekunde haipo tena. Inasaidia pale nguzo zilipokomea, kwa mwenye uwezo wa kununua vifaa.

Ushauri wangu: usiende kuomba waya peke yako. Andikeni majina ya nyumba zote za njia yenu, mwende pamoja na orodha mkononi. Wakishaona wateja 20 kwenye njia moja, hesabu ya nguzo inabadilika. Mtaani kwetu ilikuwa hivyo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye PHP. Kila la heri.