Bastola ya Vita ya Mjerumani ni Ushahidi, Si Chuma Chakavu

Nchini Marekani wapo watu waliotumia umri wao wote kukusanya bastola za vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyopiganwa kati ya 1861 na 1865. Bastola ya Colt au ya Remington iliyotoka katika vita hiyo haithaminiwi kwa chuma chake wala kwa uwezo wa kufyatua risasi, bali kwa namba, mihuri, na karatasi inayothibitisha ilikuwa mkononi mwa nani. Bastola mbili za kiwanda kimoja zaweza kutofautiana bei kupita kiasi kwa sababu moja ina jina la mwenyewe na nyingine haina. Ninaanza na mfano huo wa mbali ili niulize swali la karibu: silaha kuukuu za Songwe zina majina ya nani?

Eneo hili lilikuwa uwanja wa vita. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka na kuingia katika koloni la Wajerumani. Mwanzoni mwa Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck alipita nchi ya Mbozi na kuishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Tunduma ya leo. Tarehe 25 mwezi huo alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala.

Wazee wetu waliiita Vita ya Mjerumani, lakini kwa sehemu kubwa waliouana walikuwa Waafrika. Upande mmoja walisimama askari wa Mjerumani, upande wa pili wa King's African Rifles na wenzao wa Rhodesia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulikuwa umekwisha kuwagawa Wanyamwanga kati ya madola mawili, hata vita ilipozuka watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya bendera zilizokuwa zikipigana. Hiyo nayo, kwa namna yake, ilikuwa vita ya ndugu.

Katika vita hiyo bastola ilikuwa hasa silaha ya ofisa. Wajerumani walikuwa na ile iliyoitwa Reichsrevolver, ya miundo ya 1879 na 1883, yenye matundu sita ya risasi, ambayo jeshi lao la Ulaya lilikuwa limeanza kuipa kisogo. Waingereza walikuwa na Webley. Askari wa kawaida alibeba bunduki. Mpagazi alibeba mzigo wa wote wawili. Bastola iligongwa muhuri wa kikosi chake, ilhali wapagazi wengi walikufa bila jina lao kuandikwa popote. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 95,000. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Hapa ndipo mkusanyaji wa chuma hupotea njia. Pale Abercorn, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikabidhi bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa vitani. Katika bombomu 37, ni 7 tu zilizokuwa za Kijerumani. Maana yake ni kwamba Webley iliyofukuliwa shambani Mbozi haituambii kuwa aliyeishika mwisho alikuwa mtu wa Mwingereza. Muhuri hutaja kiwanda na kikosi cha kwanza. Yaliyofuata yamo katika simulizi ya familia iliyoitunza. Simulizi hiyo ikitenganishwa na silaha, vyote viwili hupoteza nusu ya thamani yake.

Sheria zetu hazijaliona jambo hili vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa kale, kwa umri wake, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863. Silaha za 1914 hadi 1918 zimeachwa nje ya mstari huo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa upande wake, huzitazama kwa jicho la usalama. Serikali inapotoa msamaha kwa wenye silaha haramu, kama ilivyofanya mwaka 2022, mjukuu mwenye bastola ya babu hukabidhi polisi chuma na kuondoka na historia kifuani.

Sisemi watu wafuge silaha majumbani. Katika mji wa mpakani kama Tunduma huo ungekuwa wendawazimu. Nasema jambo dogo na la gharama ndogo. Kila kunapotangazwa msamaha, afisa utamaduni wa halmashauri akae kando ya polisi. Silaha kuukuu ipigwe picha, namba na mihuri inakiliwe, na aliyeileta aulizwe: ilikuwa ya nani, ilipatikana wapi, alipigana upande gani. Zile zenye thamani ziharibiwe mtambo wa kufyatulia, kisha zipelekwe makumbusho pamoja na maelezo hayo, nyingine ziteketezwe.

Walioiona vita ile wamekwisha, na wajukuu waliosimuliwa nao wanazeeka. Chuma kinaweza kukaa ardhini miaka mia nyingine. Wao hawawezi kutusubiri.