Saratani ya Jicho na Hoja ya Unguja

Jicho liondolewapo kwa ajili ya saratani, mambo yake hayaishi siku ile. Wapo waliosimulia kwamba baada ya kidonda kupona waliona miali ya nuru, rangi, au umbo la kitu upande ule usio na jicho. Wengine walihisi maumivu pahali palipobaki patupu. Huo si wazimu wala si pepo. Jicho ni mlango tu. Mwenye kuona ni ubongo, na ubongo hauachi kazi yake kwa kuwa mlango umezibwa. Katika karne ya 16 tabibu Mfaransa, Ambroise Paré, aliandika habari za watu waliolalamikia maumivu ya mguu uliokwisha kukatwa, na mwaka 1871 Silas Weir Mitchell wa Marekani akaiita hali hiyo kwa jina la mzuka wa kiungo. Habari za jicho zilichelewa kuchunguzwa. Katika uchunguzi wa Liverpool uliotangazwa mwaka 2015, watu 179 walioondolewa jicho kwa sababu ya saratani waliulizwa, na karibu nusu yao walikiri kuwa na hisia hizo.

Basi apimaye hasara ya saratani ya jicho asihesabu jicho peke yake. Hesabu hiyo ndiyo inayolipa uzito swali la pili: je, jicho laweza kunusurika lisifikie kuondolewa? Katika Afrika Mashariki sehemu ya jawabu ilipatikana kwa kutazama visiwa viwili, Unguja na Pemba, na hoja waliyoitoa haikuwa ya maradhi yaliyokuwapo bali ya maradhi yaliyokosekana.

Saratani mbili hasa ndizo zilizotisha macho ya watoto katika nchi hizi. Ya kwanza huanzia ndani ya jicho lenyewe, katika utando upokeao nuru, na dalili yake ni weupe unaong'aa ndani ya mboni. Hiyo haichagui nchi. Hupatikana duniani kote, na mara nyingi jicho hutolewa ili uhai ubaki. Ya pili huanzia nje ya jicho, katika mataya au katika tundu la jicho, nayo hukua kwa haraka ya kutisha hata hulisukuma jicho nje ya mahali pake. Hii ya pili ina nchi zake, na kujua kwa nini ina nchi zake ndiyo kazi iliyomtukuza Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, miwani ikavunjika, akapoteza jicho la kulia. Akawa daktari mpasuaji kwa jicho moja. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenziwe, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote. Baada ya muda mfupi Burkitt akakuta mwingine wa namna hiyo Jinja. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aliona kwamba vimbe zilizodhaniwa kuwa maradhi mbalimbali zilikuwa ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akautangaza kwa maandishi.

Hapo akauliza swali dogo lenye faida kubwa: unapatikana wapi? Alizipelekea hospitali za Afrika barua na picha, na mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Clifford Nelson, akasafiri kwa gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, safari ya maili 10,000 hivi. Ramani iliyotokea ilionyesha kwamba ugonjwa hukaa kwenye joto na mvua, wala hauonekani katika nyanda za juu wala nchi kavu. Wataalamu wakadhani kuna mdudu auenezao. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Lakini baadaye ilidhihirika kwamba kirusi hicho kimeenea miongoni mwa watu wa dunia nzima. Mbona basi watoto wa Ulaya hawavimbi mataya?

Hapa ndipo hoja ya Unguja inapoingia. Visiwa vina joto, vina mvua, navyo viko usawa wa bahari. Kwa ramani ya Burkitt vilistahili kuwa na ugonjwa huo kama pwani iliyo mkabala navyo. Lakini huko ulikuwa nadra mno. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf, aliyechunguza habari za Kenya, alikuwa amekwisha kutoa rai kwamba sababu ni malaria. Na Unguja na Pemba zilikuwa katika vita na malaria: tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka 1968, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, kuta za nyumba mjini na mashamba zilinyunyiziwa dawa ya kuua mbu, na homa ikapungua sana. Burkitt mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1969, alivitaja visiwa hivyo miongoni mwa ushahidi wa rai hiyo.

Ushahidi wa kukosekana kitu una udhaifu wake, nao ulitakiwa kujaribiwa. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara, Tanzania Bara, walipewa klorokwini. Saratani ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, hivyo jaribio halikukata shauri. Hata hivyo, wataalamu wa leo wanakubali kwamba malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe zenye kirusi kuzaana na hudhoofisha ulinzi wa mwili juu yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: kirusi peke yake hakitoshi.

Saratani hiyo ya pili huyeyuka kwa dawa ikiwahiwa, na jicho lililosukumwa laweza kurudi mahali pake. Lakini lililo bora ni uvimbe usizuke. Vita vya mbu viliposimamishwa visiwani mwaka 1968, malaria ilirejea. Ilibidi kuanza upya baada ya mwaka 2000, kwa dawa mpya, vyandarua na kunyunyiza nyumba, ndipo ikateremka tena sana. Yaliyopatikana kwa jasho la miaka kumi yalipotea kwa kuachwa tu.

Na kwa yule ambaye jicho lake halikuweza kunusurika, iko haki moja isiyogharimu kitu: aambiwe mapema kwamba huenda akaona nuru pasipo jicho. Asiyeambiwa hudhani saratani imerudi au akili imemtoka, akanyamaza na khofu yake. Aliyeambiwa hujua kwamba ni ubongo wake unaendelea na kazi uliyoizoea.