Kisiwa Kilichopindisha Mpaka

Mpaka wa Zambia na Kongo hukata Ziwa Mweru kuanzia Mto Luapula unapomwaga maji yake kusini hadi Pweto, kaskazini, unapotokea Mto Luvua. Ulikusudiwa kunyooka. Lakini kusini mwa ziwa unapinda ghafla kuzunguka kisiwa kimoja, kisha unarudi njiani. Kisiwa hicho ni Kilwa. Ng'ambo yake, upande wa Kongo, uko mji wa jina hilohilo, na mtu wa Pwani, aijuaye Kilwa ya kwao, akilisikia jina hilo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, lazima moyo umshtuke.

Kona hiyo ilichorwa Brussels, tarehe 12 Mei 1894, katika mkataba wa Uingereza na Mfalme Leopold II. Ulitamka wazi kwamba mstari upindishwe ili Kilwa kiwe cha Waingereza. Mezani hapakuwa na mvuvi hata mmoja.

Ilhali ziwa lilikuwa na wenyewe zamani, na hati yao ilikuwa mdomoni. Wazee wa Luapula husimulia habari za Nachituti, dada yake Nkuba, chifu wa Washila, wavuvi wa maji haya. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake, akaichuna ngozi, akaitandika chini ya mkeka aliokalia. Nachituti alipogundua, alikwenda kumlilia mfalme wa Walunda, mwenye cheo cha Mwata Kazembe, amlipizie kisasi. Kichwa cha Nkuba kikaletwa. Naye Nachituti, kwa shukrani, akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa. Kwangu mimi, chungu kile kina uzito zaidi kuliko karatasi ya Brussels, kwa sababu aliyekitoa aliyajua maji aliyokuwa akiyatoa.

Wageni walikuja baadaye. Mreno Francisco de Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798, akafia hukohuko. Kisha misafara ya Pwani ikafuata pembe za ndovu, shaba na, kwa aibu yetu, watumwa. Mwaka 1867 mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alimshinda chifu Nsama wa Itabwa, kaskazini mashariki mwa ziwa.

Mwaka huohuo, tarehe 8 Novemba, David Livingstone aliufikia ufuko wa Mweru. Vitabu vingi bado humwita mvumbuzi wake. Lakini alikuja kwa njia za wafanyabiashara wa Pwani, na alipofika kwa Kazembe alimkuta mmoja wao, Mohamad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi. Livingstone alimwombea ruhusa ya kuondoka, akapata. Mwenyewe alikuwa akitafuta chanzo cha Nile, akiamini maji yanatoka Bangweulu kupitia Luapula hadi hapa, na kutoka hapa kwa Luvua hadi Lualaba. Mfuatano wa mito aliupata sawasawa. Kosa lilikuwa mwisho wake. Lualaba ni Mto Kongo, nao huishia Atlantiki.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 131 hivi. Kusini ni kina kifupi, matope na mafunjo, mahali samaki wanapozaliana. Kaskazini mashariki kina hufika mita 27.

Jua likizama Nchelenge na Kashikishi, upande wa Zambia, mitumbwi hutoka kwenda kuvua chisense, dagaa wa Mweru. Taa huwashwa majini, samaki wakaifuata nuru, wavu ukainuliwa chini yao. Kutoka ufukoni huwezi kujua ni taa ipi iko Zambia na ipi iko Kongo. Alfajiri samaki huanikwa, weupe kama vipande vya bati, na wanawake huinama kuwageuza kabla jua halijawa kali. Mashua ya kutoka ng'ambo ikifunga nanga, bei huanza kupatanwa kwa Kibemba, na anayeshindwa humalizia kwa Kiswahili cha Katanga.